Kamusi Niliyoifukia Shambani

Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye simu, ikatamka neno la Kiingereza kwa kubana pua, na mjukuu wangu Anjela akalirudia. Akabonyeza pengine, ikatoka sauti ya mwanaume, ikatamka neno lile lile kama mtu mwenye haraka ya kwenda chooni. Anjela akarudia tena. Mimi nilikuwa nimekaa nje ya nyumba yetu hapa Kizwite, ungo wa maharage mapajani, natoa mawe. Nikamuuliza hao waliomo humo ndani wanagombania nini.

"Hawagombani, Bibi. Nachagua kamusi."

Ameingia kidato cha kwanza mwaka huu. Huko kila kitu ni Kiingereza, hata udongo anaambiwa kwa Kiingereza, na yeye katoka shule ya msingi na Kiingereza cha kuomba ruhusa ya kwenda nje. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani amevimba macho. Ya pili akaazima simu ya mama yake, akashusha programu tatu za kamusi, akaniambia simu haina nafasi, lazima ibaki moja tu. Akanieleza zote, maana mjukuu wangu huyu hanifichi kitu. Ya kwanza inaongea vizuri na ina picha, lakini bando likiisha inakuwa bubu. Ya pili ni ya bure, ila kila ukitafuta neno wanakuletea kwanza tangazo la mafuta ya kujipaka. Ya tatu haina sauti wala picha, imekaa hovyo kama daftari la mtendaji wa kijiji, lakini ukishaishusha imeshuka, hata uende bondeni kusikoshika mtandao unayo.

"Ungekuwa wewe, Bibi, ungechukua ipi?"

"Inaanzia wapi?"

"Nini?"

"Kamusi yenyewe. Ukurasa wa kwanza uko wapi?"

Akacheka mpaka simu ikataka kumdondoka. "Haina ukurasa wa kwanza, Bibi! Unaandika neno, linakuja lenyewe."

"Na mtu akitaka kuichana?"

"Aichane vipi sasa? Haichaniki."

"Chukua hiyo ya tatu."

Akaichukua, akazifuta zile mbili, akaingia ndani huku akisema bibi yake ana mambo. Mimi nikabaki na ungo. Yale maharage sikuyamaliza mpaka jua likanihama. Kuna mambo nimeyafungia miaka mingi, na mtoto wa watu kanifungulia kwa kuuliza swali moja. Yeye sikumweleza. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliokaa darasani mkichungulia kitabu kimoja watu watano, mmoja anakisoma kichwa chini miguu juu.

Kijijini kwetu, upande wa Laela, Kiingereza kilikuwa cha mtu mmoja. Kilikuwa cha mwalimu wetu, mtu wa kuja, mrefu, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa kiangazi na masika. Na Kiingereza chake tulijua kinakaa wapi. Kilikaa ndani ya kamusi yenye jalada jekundu, nene kama tofali, aliyoiweka juu ya meza yake na hakuna mtoto aliyeigusa. Tukimuuliza neno, alilamba kidole, akafunua. Karatasi zake zilikuwa nyembamba kuliko karatasi yoyote niliyowahi kuiona, zinatoa mlio wa majani makavu ya mahindi. Sisi tuliamini mwalimu naye hakijui Kiingereza chote, kwamba anakisoma mle kidogo kidogo, na siku atakayofika mwisho ataondoka kwenda kwao.

Mimi darasani nilikuwa wa kwanza. Sisemi hivi kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli na waliokuwepo wengine bado wapo hai, kawaulizeni. Mwaka wa mtihani wa darasa la saba, Kwaresima ilipoanza, mwalimu aliniita mezani kwake.

"Skolastika. Hesabu huna shida. Kiswahili huna shida. Kiingereza chako kinachechemea. Ukikipata hicho, unakwenda sekondari."

"Ndiyo, mwalimu."

"Hii si ya shule. Hii ni yangu, nimekuja nayo. Nakupa mpaka Pasaka. Ikipata doa, mimi na wewe."

Nilitoka na kamusi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mvua ilikuwa inatishia, nikaifunika na shati langu, nikaingia kijijini tumbo wazi. Ilikuwa na harufu ya gundi na ya mafuta ya taa, maana mwalimu alisomea karibu na kibatari. Mpaka leo nikipita duka la vitabu pale mjini pua yangu inasimama yenyewe.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mimi sikujua kamusi inatumiwaje. Nilidhani inasaliwa kama rozari: unashika punje ya kwanza, ukiimaliza unakwenda ya pili, hurukiruki. Nikaanzia A. Nikameza maneno yote kama yalivyopangwa. Nikajua tufaha linaitwaje, tunda ambalo sikuwahi kulitia machoni. Nikajua nanga inaitwaje, chuma cha kuzuia meli, mimi mtoto wa uwanda wa juu ambaye hata mtumbwi nilikuwa sijauona. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuteka maji nilimeza kurasa kadhaa, na kila jioni nikazitapika mbele ya mama akisonga ugali wa ulezi. Mama hakujua Kiswahili kizuri, sembuse Kiingereza. Alisikiliza tu kwa kutingisha kichwa, akifuata mdundo, kama ninamwimbia.

Baba alikuwa na kigoda chake mlangoni na kopo lake la tumbaku. Alikuwa mkulima haswa, mtu wa watu, nyumba yetu haikukauka wageni. Hata shamba la mwalimu, lile la kando ya shule, baba ndiye aliyemwonyesha alime. Jioni moja akaniita, akaichukua kamusi, akaipimapima mkononi.

"Mama, mmefika wapi?" Aliniita hivyo akiwa na furaha, maana nimerithi jina la mama yake.

"Nimefika D, baba."

"Hizi za huku mbele zote umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ziko kichwani?"

"Zote ziko kichwani."

"Tuone."

Nikasimama mbele yake nikazimwaga, nanga kwa nanga, tufaha kwa tufaha. Baba akacheka, akajipiga paja. Akamwita baba mdogo aliyekuwa anapita njiani: "Njoo umsikie huyu! A anayo, B anayo, anakitafuna Kizungu kama karanga!" Wenzangu, sijawahi kupendwa vile. Nililala nikijiona mrefu.

Kesho yake niliporudi kutoka shule, nilikuta kamusi imepungua. Jalada jekundu lipo, D ipo mpaka mwisho ipo, lakini mbele pamebaki meno meno ya karatasi kwenye uzi. Zilikuwa zimechanwa kwa ustadi, kwa ukucha, moja moja. Baba amekaa kwenye kigoda chake anasokota tumbaku, na pembeni yake kuna kibunda cha karatasi kimebanwa na jiwe zisipeperuke.

"Baba!" Sauti ilinitoka bila adabu. "Baba, kamusi!"

Akanitazama kwa kushangaa, kweli kabisa, hakuwa anaigiza. "Si umesema ziko kichwani?"

"Ni ya mwalimu!"

"Mwalimu naye ameshazisoma. Kurasa mlizomaliza mnazirudia za nini? Ambazo hamjazifikia sijazigusa. Hata ukitafuta sigara ya dukani, haina karatasi laini hivi."

Akawasha. Nikaona herufi zinakunjamana, zinakuwa nyekundu, halafu nyeusi. Na mimi ndiye niliyemwambia tumefika wapi. Kama ningekuwa mvivu, kama ningesema nimefika B, angepata kurasa chache tu. Hilo nimelibeba muda mrefu kuliko mimba zangu zote nane ukizijumlisha.

Mama aliniita jikoni, akaninong'oneza kwa Kifipa: "Kifiche. Huyu akimaliza hizo ataingia kwingine." Alimjua mume wake. Lakini nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na dari la kuwekea mahindi, na huko darini baba ndiko alikoanikia tumbaku yake. Hakukuwa na pa kuficha sindano.

Shambani ndiko nilikowaza. Ilikuwa majira ya ntumba, yale matuta yetu ya duara. Anayetoka nje ya Ufipa haelewi tukimweleza. Masika inapoelekea mwisho, nyasi zimekufika kiunoni, unakata udongo na nyasi zake, unapindua, unarundika, nyasi ndani, udongo nje, mpaka shamba zima linakuwa vichuguu vichuguu. Nyasi zinaozea humo, juu unapanda maharage, na mvua za mwaka unaofuata unatawanya, unamwaga ulezi. Mtoto aliyekulia huko anajua jambo moja kuhusu ntumba: ndani ni joto. Asubuhi ya baridi, ile baridi yetu ya kukata masikio, tulitumbukiza mikono mle kuipasha. Mama akiletewa ndizi mbichi kutoka bondeni, aliziivishia mle mle.

Na mimi maisha yangu yote baridi niliiona pamoja na maji, joto nikaliona pamoja na ukavu. Nguo mbichi unaikausha motoni. Mahindi mabichi unayakausha darini juu ya moshi. Basi penye joto ni pakavu. Nilipiga hesabu hiyo kwa akili zangu zote, akili za mtoto wa kwanza darasani, nikaona nimewashinda wakubwa. Nikaifunga kamusi kwa kipande cha kanga ya mama, nikaizungushia gunia, nikachagua ntumba mpya ya tatu kutoka kwenye mpaka, nikaichimba ubavuni, nikaiweka ndani, nikaziba. Baba alipouliza kitabu kiko wapi, nikamwambia mwalimu amekichukua. Akasikitika kidogo.

Nikapanga kuifukua Jumamosi Kuu, nimrudishie mwalimu baada ya Pasaka, nimlilie kuhusu kurasa za mbele. Nilijua atanichapa. Lakini kamusi ingebaki na D mpaka mwisho, na D mpaka mwisho ni nyingi. Mvua ilinyesha wiki mbili.

Siku ya kuifukua nilisikia harufu kabla sijaiona. Harufu tamu, nzito, kama ya kimea kilichosahauliwa. Gunia lilitoka vipande vipande. Kanga ilishikana na jalada, na jalada likashikana na kurasa, na kurasa zikawa bonge moja la moto, nasema la moto, mkono wangu ulirudi wenyewe. Mchwa walikuwa wameingia kwa mgongoni, wakala uzi wote. Nilijaribu kuzitenganisha. Zilimenyeka kama ganda la kitunguu, na kila iliyomenyeka haikusomeka. Nilikaa pale chini nikapuliza, nikapuliza, kana kwamba ni mtoto mchanga aliyebanwa na pumzi.

Jumatatu ya Pasaka mwalimu alikuja mwenyewe. Nilikuwa nimemkimbia Jumapili nzima kanisani, nikijificha nyuma ya kwaya. Nyumbani pombe ya ulezi ilikuwepo, ya sikukuu, na mgeni hapokelewi kavu. Nikapeleka kibuyu kama mtoto wa kike wa Kifipa anavyopeleka: nikapiga magoti, nikapiga makofi ya taratibu, nikainamisha uso. Mwalimu akanywa. Akasifu pombe. Ndipo akasema, "Skolastika, kaniletee kitabu changu."

Baba, niliyekuwa nimemdanganya kwamba mwalimu amekichukua, akanitazama. Nilileta lile bonge juu ya ungo. Nikapiga magoti tena, na sikuinuka.

Mwalimu hakupiga kelele. Alilitazama, akaligusa kwa kidole kile kile alichokuwa akikilamba. "Nini hiki?"

Nikaeleza. Nilikifukia kwenye ntumba kisilowe. Baba akaguna, akatikisa kichwa. "Unaona, mwalimu? Unaona mtoto huyu? Kitabu cha watu anakizika kama kiazi!"

Lakini mwalimu alikuwa mtu wa vitabu. Aliligeuza bonge, akachungulia pale kwenye jalada, akaona meno meno ya karatasi. "Na huku mbele? A iko wapi? B, C?"

Nilimwangalia baba. Mtoto hawezi kusema baba yangu amefanya, hasa mbele ya mgeni, kinywa chenyewe kinakataa. Lakini baba alikuwa na kinywa chake, mkubwa mzima. Nikasubiri.

"Panya," baba akasema, akitazama ndani ya kibuyu. "Mwaka huu panya wametuzidi."

Mwalimu akateremsha macho. Karibu na kiatu chake kulikuwa na kipisi cha sigara, kimoja kati ya vingi, na kile hakikuungua vizuri. Alikiokota. Akakikunjua kwa vidole viwili, polepole, na mimi nikiwa pale chini niliziona herufi, ndogo ndogo, safi, za kamusi. Niliona macho yake yanakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Anasoma. Nikasema moyoni, sasa. Sasa amejua. Sasa huyu mtu mrefu aliyesoma, mwenye haki ya kitabu chake, atasema.

Mwalimu akatupa kipisi, akakikanyaga.

"Panya wa huku wana akili," akasema. "Wameanza mwanzo."

Baba akaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka. Walicheka wawili, watu wazima, magoti yao yakigusana, na baba akasema, "Mama, mwongezee mwalimu." Nilimwongezea.

Nimelifikiria jambo lile kwa umri wangu wote, na nimemwelewa mwalimu. Shamba analima la kuonyeshwa na baba. Pombe anakunywa ya baba. Yeye ni mtu wa kuja, na mtu wa kuja hagombani na mwenyeji mbele ya mke na watoto wake kwa sababu ya karatasi. Nimemwelewa vizuri sana. Kumsamehe ni jambo lingine, na hilo sijalifanya, na padri wangu analijua.

Lakini kitabu kilikuwa kimekufa na lazima apatikane wa kukilipa. Wakakubaliana hapo hapo, juu ya kichwa changu. "Atanilimia ntumba," mwalimu akasema. "Jioni, wenzake wakiwa kwenye masomo ya ziada. Yeye si anapenda kufukia?" Baba akajibu, "Mchukue. Mpaka amalize shamba."

Shamba lile, nimesema, lilikuwa kando ya shule. Dirisha la darasa halikuwa na kioo. Kila siku saa tisa wenzangu waliingia na mwalimu, mimi nikashika jembe lililonizidi urefu, nikapindua nyasi. Niliwasikia. Mwalimu anasema, wao wanaitikia, anasema, wanaitikia. Nilijaribu kuitikia nao huku nalima, lakini upepo ukigeuka sauti inakwenda upande wa pili, unabaki na mdomo wazi. Malengelenge yalipasuka, yakaota mengine juu yake. Wasichana walichungulia dirishani. "Skola, unazika nini leo?" Wakacheka. Mwanzoni nililia. Baadaye nikawa naunda ntumba nzuri, za duara kamili, kwa hasira, na mpaka leo sijaona mtu anayeunda ntumba kunishinda.

Siku ya mtihani wa Kiingereza tulitakiwa kueleza kazi za shamba. Kazi za shamba! Nilitazama mikono yangu juu ya dawati, imekakamaa kama ya bibi kizee, na sikujua jembe linaitwaje. Nilikuwa na nanga. Nilikuwa na tufaha. Jembe lilikuwa mbele huko, sijalifikia. Niliandika jina langu, nikaandika jina la shule, nikakaa.

Walichaguliwa wawili, mvulana mmoja na binti wa mwenye duka. Habari iliposomwa, baba mdogo alikuja nyumbani jioni kutoa pole, akakaa na kaka yake mlangoni wakitafuna karanga. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia baba anamweleza.

"Wenzake wamekwenda. Huyu wa kwangu, ah. Alianza vizuri, lakini kichwa kizito."

Mama aliniwekea kibuyu mkononi, nikatoka nacho. Nikamfikia baba pale kwenye kigoda chake, na nikasimama.

"Piga magoti," mama akasema nyuma yangu, kwa Kifipa, taratibu. Sikupiga. Baba mdogo akaacha kutafuna. "Wewe, piga magoti," mama akarudia, na safari hii sauti yake ilitetemeka, nikajua haniamrishi, ananiomba.

Nilikinyoosha kibuyu nikiwa nimesimama wima, mkono mmoja, bila makofi. Kikakaa hewani muda. Baba alikuwa anatazama miguu yangu, akisubiri iteremke, na haikuteremka, na kukipokea ikabidi ainue uso wake aniangalie.